Mia Saba wa Punje

Watu wa Punje walinilisha vizuri. Nalitaja hilo mwanzo kabisa, kwa sababu nitakayoyasimulia hapa yatamfanya msomaji aulize mtu mzima mwenye mvi zake alikuwa akifanya nini pale siku zote zile, na jibu la kweli, ingawa linaniaibisha, ni kwamba alikuwa anakula. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nilialikwa kwenda kuipima nchi yao yote, kazi ambayo barua ya mwaliko ilisema ingechukua siku tatu. Nilipofika nikaona wamejipendelea. Ingeisha asubuhi moja, na bado ningewahi chakula cha mchana.

Punje ni kilima kimoja kilichozungukwa pande zote na nchi kubwa. Barabarani mpaka wake ni mnyororo uliofungwa kwenye nguzo mbili. Kwingineko mpaka ni pale mihogo ya Wapunje inapokoma na maharage ya jirani yanapoanza. Kwenye kibanda cha ukaguzi, upande wa jirani, askari mmoja aliniuliza niendako.

"Punje," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Aa, kwa wale jamaa wa kilimani!" Akaandika kwenye kitabu chake: kilimani.

Nikamwonyesha barua yangu, ambayo ilikuwa na mhuri mkubwa uliosema Nchi Huru ya Watu Mia Saba kwa Mujibu wa Mkataba. Nikamuuliza huo mkataba ukoje. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee wangu, mafaili ya huko yaliliwa na mchwa kabla mimi sijaajiriwa. Hakuna mtu huku anayewahesabu. Wawe mia saba, wawe saba, nani anajua? Wapo tu, hawana ugomvi na mtu."

Msomaji ayaweke maneno hayo akilini. Mimi niliyaweka, tena niliyaweka vizuri mno, kiasi kwamba sikumpa mtu.

Punje haina mfalme wala rais. Mkubwa wao huitwa Mwita Majina, na wakati wangu alikuwa Bwana Ngwali, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusikika bondeni bila kupaza. Siku ya kwanza alinikalisha mezani chini ya nakala ya ule mkataba, iliyowekwa kwenye fremu na kufutwa vumbi kila siku, akanisomea mwenyewe kwa heshima zote. Watu wakiwa mia saba au zaidi, ni nchi. Wakipungua hata mmoja, ni kijiji cha nchi jirani, na kijiji hakina bendera, hakina mhuri, hakina baraza. Wapunje wote waliokuwapo walisimama wakati akisoma. Bibi mmoja alifuta machozi. Na mimi, nikiwa na sambusa mkononi, ningewaambiaje habari za mchwa? Nikasema mkataba umeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Basi kila asubuhi jua likishachomoza nchi nzima hukusanyika kwa Itiko, yaani hesabu ya watu, kwenye Uwanja wa Itiko, ambao ndio ardhi pekee tambarare waliyo nayo. Kila mtu ana jiwe lake lenye jina lake, na mawe yamepangwa safu ishirini na tano, kila safu mawe ishirini na nane, ukoo kwa ukoo. Bwana Ngwali huita jina. Mwenye jina hujibu "Nipo!" kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mnyororo. Lakini sauti peke yake haitoshi. Zamani mtu mmoja alilala zake nyumbani na nduguye akamwitikia, na aibu ile hawajaisahau, kwa hiyo aliye kushoto kwako lazima akushike mkono na yeye apaze sauti: "Nimemshika!" Hapo ndipo unakuwa umehesabiwa. Ndivyo mkono kwa mkono safu nzima, na safu inayofuata, mpaka mwisho.

Nilipofika walikuwa mia saba na sita. Wale sita wa ziada waliitwa Akiba. Walisimama mbele juu ya baraza la saruji, na kwenye karamu walipakuliwa wa kwanza. Ndio waliokuwa fahari ya nchi, maana nchi yenye Akiba inaweza kulala usingizi.

Nilipangiwa nyumba ya Bi. Mwanakheri, mjane, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na futikamba shingoni wakati wote. Aliishi na bintiye Rukaiya, mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika upya majina kwenye mawe kila mvua ikiyafuta. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka hata asugue kwa mchanga. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Akicheka ilimbidi asimame katikati ya kicheko, avute pumzi yenye mluzi ndani yake, kisha amalizie kicheko chake pale alipokiachia, na alicheka sana, hasa kunicheka mimi.

"Shikamoo babu. Kitumbua cha saba hicho. Nikuandikie na wewe jiwe, au tukuhesabu pamoja na masufuria?"

"Marahaba, na uache uchokozi," nilimwambia, nikachukua cha nane.

Kwenye Itiko mama yake ndiye aliyesimama kushoto kwake. Tangu Rukaiya alipopewa jina, Bi. Mwanakheri alikuwa amemshika mkono kila asubuhi na kuiambia nchi kwamba amemshika.

Wiki ya pili ya ukaaji wangu mwoka mikate wa safu ya kwanza alianza kukohoa. Tulikwishasikia redioni habari za kirusi kilichokuwa kikizunguka dunia, lakini Wapunje walisema kirusi hakiwezi kuja Punje kwa sababu mnyororo umefungwa. Nchi jirani nayo ikafunga barabara zake zote, na mimi nikabaki ndani. Sikulalamika. Chakula kilikuwa palepale.

Nchi ile ilikuwa na daktari mmoja tu, Mselem, mtu mfupi mwenye haraka, anayeuma maneno. Alipendekeza watu wafunike midomo na pua kwa kitambaa. Baraza la Kuhakiki likakaa siku mbili likijadili kama sauti iliyopita kwenye kitambaa ni sauti ya mtu au ni sauti ya kitambaa. Mjumbe mmoja alisema akisikia "Nipo" kupitia kitambaa, atajuaje kwamba kilicho nyuma ya kitambaa ni raia? Mwingine akasema afya ni muhimu. Mwishowe wakapata mwafaka, na walifurahi sana na mwafaka wao: kila Mpunje avae kitambaa, na kila kitambaa kiwe na tundu mdomoni. Bi. Mwanakheri alishona mia saba na sita, na aliyapiga nyuzi yale matundu pembeni yasichanike.

"Una maoni gani, Bwana Mpimaji?" aliniuliza, akinyoosha kimoja mbele ya dirisha mpaka nikamwona jicho lake ndani ya tundu.

Nikamwambia kazi ya mkono wake ni safi.

Mwoka mikate akafa. Wakafa wengine watano kabla ya Ijumaa. Walizikwa kwa heshima, bendera nusu mlingoti, na Bwana Ngwali alilia waziwazi mbele za watu. Si kilio cha kuigiza. Sijawahi kumwona yule bwana akiigiza chochote. Lakini watu sita walikuwa wamekwenda na Akiba ilikuwa imekwisha. Wale sita waliokuwa barazani waliteremshwa wakajaze mawe ya marehemu, na asubuhi ile Bwana Ngwali alipofunga daftari kwenye mia saba kamili, nilisikia uwanja mzima ukishusha pumzi. Wengine waliishusha wakikohoa.

Jumapili akafa wa saba, mama mmoja wa safu ya nne. Baraza lilikaa toka asubuhi mpaka adhuhuri, kisha likatoa tangazo. Mama yule hakuwa amekufa. Alikuwa kwenye kimya cha muda. Mtu aliye kwenye kimya cha muda bado ni raia, ila hawezi kuitikia, kwa hiyo jirani wa kulia ataitikia kwa niaba yake. Na mkono? Hapo kulikuwa na ubishi, kwa sababu sheria ya mkono haina mchezo. Wakaamua kwamba kila aliye kwenye kimya atashonewa mkono wa kitambaa uliojazwa pamba, usimamishwe kwenye kijiti juu ya jiwe lake, na wa kushoto aushike huo na kusema ameshika.

Kazi ikaenda kwa fundi. Familia zilikuja nyumbani kwetu moja moja, zikasimama mlangoni na kumweleza Bi. Mwanakheri mkono ulivyokuwa. Mmoja kidole cha pete kilikatika kwenye mashine ya kukoboa. Mwingine alikuwa na kiganja kipana kama sahani. Aliwasikiliza, akapima, akashona. Kuzika kukawa nyuma ya zahanati bila matanga, maana ukimfanyia mtu matanga umetoa ushahidi dhidi ya nchi. Kulia hakukukatazwa, la, Wapunje si wakatili. Ila aliyeonekana akilia aliandikiwa kwenye kitabu cha zahanati kwamba ana mafua.

Jamani, mimi nimefanya kazi na serikali miaka thelathini, lakini sikuwahi kuona watu wapole namna ile wakifanya jambo kama lile.

Daktari Mselem ndiye aliyegundua. Siku moja aliingia barazani, mimi nikiwa nimealikwa kwa heshima tu, akaweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa orodha ya wagonjwa kwa tarehe walizougua. Nyingine ilikuwa nakala ya daftari la Itiko. Zilifanana.

"Waheshimiwa, ugonjwa unasoma daftari," alisema. "Anaugua huyu, siku ya tatu anaugua aliyemshika, siku ya sita aliyemshika aliyemshika. Leo naweza kuwatajia nani ataugua Alhamisi. Naomba Itiko lisimame. Kama haliwezi kusimama, basi watu wasishikane, na wakae mbalimbali, hatua mbili kati ya mtu na mtu."

Kisha mjumbe mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa moyoni, kwamba amefarijika kusikia hata ugonjwa unafuata utaratibu wa nchi. Wenzake wakaafiki. Pendekezo la kutoshikana halikujadiliwa kabisa, lilipita juu ya meza kama nzi. Lakini hatua mbili zikawapendeza, kwa kuwa ni kitu cha kupimika, na mpimaji alikuwapo.

Nikapima. Uwanja wa Itiko una urefu wa hatua thelathini. Safu ishirini na tano kwa hatua mbili mbili zinataka hatua hamsini. Safu kumi za mwisho, watu mia mbili na themanini, wangesimama ndani ya maharage ya jirani. Nikawaeleza hivyo barazani.

"Kwa hiyo wangeitikia wakiwa nje ya nchi," alisema Bwana Ngwali polepole.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mtu aliye nje ya nchi hawezi kusema nipo."

"Kwa sheria yenu, hawezi."

Nilidhani hapo ndipo watasimamisha Itiko. Ebo! Sikuwa nimewajua bado. Walirudi asubuhi iliyofuata na sheria mpya, ya kuanzisha Hatua ya Taifa. Hatua ya Taifa ilikuwa shibiri mbili. Hatua mbili za Taifa zikawa shibiri nne, na nilipoitandaza futikamba yangu kati ya mawe nikakuta kwamba ndio umbali uleule uliokuwapo tangu mababu zao. Halikusogezwa hata jiwe moja. Nchi nzima ilikuwa imekaa mbalimbali, kisheria, huku ikiwa imeshikana mikono.

Lakini kulikuwa na kikwazo kimoja. Kipimo chochote cha uwanja ni lazima kithibitishwe kwa saini ya mpimaji asiye Mpunje. Mpaka saini ipatikane, uwanja una shaka, na uwanja ukiwa na shaka Itiko halifanyiki. Barabara zote zimefungwa, mpimaji mwingine angetoka wapi? Wakaniomba nisaini siku inayofuata, na Itiko likasimama kwa siku ile moja.

Asubuhi ile ya bila Itiko ilikuwa ya kwanza Rukaiya kuamka saa tatu. Alikunywa chai barazani kwa mama yake, miguu juu ya kiti, akinitania kwamba sasa mimi ndiye mkubwa wa nchi na bado nimevaa shati lenye doa la mchuzi. Safu yao ilikuwa ya tisa. Watu wa safu ya nane walikuwa wamekwishaanza kukohoa.

Alipoingia ndani, Bi. Mwanakheri alivuta kigoda akakaa mbele yangu. Sikuwahi kumwona akikaa bila kitu cha kushona mkononi.

"Kaka yangu, jana nilikwenda kwa Bwana Ngwali. Nilimwomba Rukaiya asiende uwanjani mpaka hali itulie. Kifua chake unakijua, unakisikia. Nikamwambia nitamshonea mkono mimi mwenyewe, mzuri, usimamishwe pale, huyu mtoto abaki ndani."

"Akasemaje?"

"Alilia. Akasema dada, mkono wa pamba ni kwa wasioweza kuja, na Rukaiya anaweza. Nikamuuliza, kwa hiyo mpaka afe ndipo aruhusiwe? Akaniambia nisiseme hivyo." Akasogeza kigoda karibu yangu. "Usisaini. Sema kipimo si kipimo. Wewe ukikataa, hakuna Itiko, na hakuna wa kukufanya kitu. Sina mwingine wa kumwambia."

Nilimwambia nitaangalia.

Nitaangalia! Wallahi, nikilikumbuka neno lile natamani kujipiga kofi. Nilichoangalia ni meza. Mchana ule barazani walikuwa wameandaa pilau, kuku wa kupaka, mkate wa kumimina, na nishani iliyochongwa kwa shaba yenye maneno Rafiki wa Hesabu. Bwana Ngwali alisimama akasema Punje haina jeshi, haina bandari, haina madini, ina neno moja tu, na neno hilo ni mia saba, na leo mgeni mmoja ndiye anayelishikilia lisianguke. Watu wote waliniangalia. Macho yale, mengine yana homa ndani yake, yaliniangalia kama vile mimi ndiye nguzo ya nyumba. Nilikuwa nalijua jambo ambalo lingeyamaliza yote yale kwa sentensi moja, kwamba hakuna mtu anayewahesabu. Nikafungua kinywa. Kisha nikaona ile fremu ukutani, nikaona jinsi nitakavyowavunja, nikajiambia kwamba si juu yangu, mimi ni mgeni, mimi ni mtu wa vipimo, na shibiri nne kwa kweli ni shibiri nne. Nikasaini. Kisha nikala.

Niliporudi nyumbani Bi. Mwanakheri hakuniuliza. Aliiona nishani kifuani. Alinipakulia chakula cha jioni kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Itiko likarudi. Siku ya nne Daktari Mselem mwenyewe akaingia kwenye kimya cha muda. Aliwekewa mkono wa pamba kwenye jiwe lake na mwingine kwenye meza ya zahanati, na mgonjwa aliyekwenda kule aliambiwa daktari anaendelea kumshughulikia.

Siku ya sita nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja, mahali pa wageni. Jina la Rukaiya likaitwa. "Nipo!" ilitoka ndogo, ikafuatwa na ule mluzi. Mama yake akamshika mkono. Nilimwona akishtuka, akiugeuza ule mkono na kuuweka shavuni mwake, mbele ya nchi nzima. Daftari likasimama. Bwana Ngwali akasubiri.

"Nimemshika," alisema Bi. Mwanakheri.

Baadaye jikoni aliniambia, bila kuniangalia, kwamba ulikuwa wa moto.

Siku tatu Rukaiya alibebwa uwanjani kwenye kiti, kwa sababu bado alikuwa anaweza kuja. Siku ya pili alinikonyeza akiwa kwenye kile kiti. Siku ya tatu hakunitambua. Alfajiri ya siku ya nne kifua chake kilivuta pumzi, kikasimama katikati kama kilivyozoea, na safari hii hakikumalizia.

Bi. Mwanakheri alimwosha, akamzika nyuma ya zahanati yeye na majirani wawili, kisha akarudi na kukaa kwenye cherehani. Hakuna aliyehitaji kumweleza mkono ulivyokuwa. Alishona siku nzima na usiku kucha, akifumua na kurudia, na alipomaliza aliunyanyua dirishani akaufananisha na kitu alichokuwa akikiona yeye peke yake. Kidole gumba alikipiga uzi wa buluu.

Asubuhi akaenda nao uwanjani. Mawe yenye vijiti yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimezoea kuangalia daftari na si mawe. Upepo ulikuwa unaitikisa ile mikono. Bwana Ngwali aliita, walio hai wakajiitikia na kuwaitikia wasio hai, mpaka safu ya tisa.

"Rukaiya."

Jirani wa kulia akasema kwa niaba yake, "Nipo!"

Mkono ulikuwa juu ya kijiti, na Bi. Mwanakheri alikuwa amesimama kando yake, mikono yake mwenyewe imening'inia.

"Bi. Mwanakheri," alisema Bwana Ngwali kwa upole. "Jibu ni nimemshika."

"Hayupo."

"Dada yangu..."

"Hayupo, Bwana Ngwali. Binti yangu amekufa jana. Nilimshika akiwa hai, anaungua, nikawaambia nimemshika, mkaandika. Leo nimshike nani? Hii ni pamba. Pamba naijua, mimi ndiye niliyeijaza. Hayupo."

Neno kufa halikuwa limetamkwa uwanjani pale kwa wiki saba. Nilidhani watamzomea. Badala yake, mzee mmoja wa safu ya kumi, ambaye jina lake lilikuwa halijaitwa bado, alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Na mke wangu hayupo." Mwanamke nyuma yake akasema, "Kaka yangu hayupo." Ikaenda hivyo safu kwa safu, wengine kwa kelele, wengine kwa kunong'ona, na waliokuwa wameandikiwa mafua wakalia kilio cha mtu mzima. Bwana Ngwali alikuwa akikata majina kwa rula, mstari mmoja mmoja, mpaka uwanja ukanyamaza. Akajumlisha. Akajumlisha tena.

"Mia tano na themanini na tatu," alisema, akafunga daftari. "Sisi si nchi tena."

Watu wote wakageuka kuutazama mnyororo. Walikuwa wanangoja jirani aje kuwachukua, mabibi wakiwa wamewavuta wajukuu wao karibu, na wanaume wamesimama mbele ya wake zao. Chini barabarani, kwenye kile kibanda, yule askari alikuwa anapiga mswaki. Akatema, akasukutua, akarudi ndani.

Hakuja mtu. Walingoja mpaka jua likawa kali.

Nami nikashindwa kuvumilia. Nikaenda mpaka katikati ya mawe nikasema, "Hawaji. Mkataba wao uliliwa na mchwa zamani. Hakuna mtu kule aliyewahi kuwahesabu."

Bwana Ngwali alikaa chini palepale kwenye jiwe la mtu. Bi. Mwanakheri alinijia mpaka karibu, karibu kuliko shibiri nne.

"Umejua lini?"

"Niliambiwa siku niliyokuja."

Macho yake yalishuka mpaka kwenye nishani kifuani pangu, yakapanda tena. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alirudi kwenye jiwe la bintiye, akauchomoa ule mkono kwenye kijiti, akaja akanitia kiganjani na kunifunga vidole vyangu kimoja kimoja juu yake.

"Basi mshike wewe," alisema.

Barabara zilifunguliwa mwezi uliofuata. Askari aliniuliza natoka wapi, na kabla sijajibu akawa amekwishaandika: kilimani. Mkono huo ninao nyumbani, kwenye droo moja na futikamba. Wageni wakiuliza ni nini, nawaambia. Wakiuliza nchi yenyewe ni kubwa kiasi gani, siku hizi nasema sijui, sikuipima.